UTI hujaitoa kwenye choo cha stendi

"Sista, hii UTI nimeipata choo cha kulipia." Nimechoka kuisikia. Ukimdadisi, msemaji alishinda Kariakoo tangu asubuhi bila kunywa maji wala kwenda haja, akikiogopa choo hicho hicho.

Tuelewane. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Bakteria wanaoileta mara nyingi ni E. coli, na makazi yao ni utumbo wako mwenyewe. Wakitoka njia ya haja kubwa, mrija wa mkojo wa mwanamke ni sentimita 4 tu kufika kwenye kibofu. Kinachowasukuma nje ni mkojo. Ukijinyima maji na kubana mpaka jioni, umewapa muda wa kuzaliana. Tena vyoo vingi vya sokoni na stendi ni vya kuchuchumaa: umegusa nini pale zaidi ya soli za viatu? Hata cha kukaa, paja si njia ya mkojo. Anayejidhuru ni yule anayening'inia bila kukaa. Misuli ya nyonga inabaki imekaza na mkojo hauishi. Futa kiti, kaa, maliza, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma.

Choo kichafu kina hatari zake, sikatai, ila hupitia mikononi: kuhara, taifodi, kipindupindu. Kwa hiyo beba kipande cha sabuni. Zile dawa za kupulizia kiti waachieni wanaoziuza.

"Mjini hakuna vyoo." Vipo, hamuulizi. Kuna vituo vya mafuta, stendi, migahawa, na misikiti mingi ina vyoo uani, ukiomba kwa adabu. Mimi nikishuka kwenye daladala naulizia choo kabla ya bei ya kitenge. Namuuliza mama lishe; anashinda hapo, anajua kipi kina maji leo.

"Kulipia haja ndogo ni wizi." Maji yanalipiwa, na anayedeki ana watoto. Weka sarafu pembeni, usimtolee noti ya elfu kumi.

"Mwanaume ana ukuta." Ukuta umeandikwa faini. Na nyie wazee wenye tezi dume iliyovimba, mnaoacha kunywa maji siku ya kwenda mjini, hamtibu chochote: mkojo unakuwa mzito, unachoma, na choo bado mtakitafuta. Kunyweni, kisha mkojoe kabla ya kupanda gari hata kama haja haijabana.