Zamani feki zilikuwepo, tena nzuri

Kauli hii nimeisikia tena juzi, na safari hii imenitosha: "Fundi, hii pete ni ya bibi. Zamani hakukuwa na feki." Aliyeisema katoka nayo Masasi, kaifunga kwenye kitambaa, na kichwani keshanunua bodaboda mbili. Kabla yake alikuja mwingine na pete ya "mali ya Mjerumani". Kwa mdomo wa watu, Mjerumani kafukia mali kila kona kuanzia Mikindani mpaka Kilwa. Angekuwa na utajiri huo wote asingehangaika kuwalimisha babu zetu pamba kwa kiboko.

Mimi ni sonara, pete za zamani nazipenda kuliko mpya, na ndiyo maana kauli hii inanikera. Umri wa pete ni jambo moja, asili ya jiwe ni jambo jingine. Pete inaweza kuwa na miaka mia moja ya kweli kabisa na jiwe lake likawa kioo tangu siku ya kwanza.

Feki zina umri kumzidi bibi. Warumi wa karne ya kwanza walishalalamikia vioo vinavyouzwa kwa jina la vito. Karne ya 18 Paris ilikuwa na Georges Frédéric Strass, aliyepata umaarufu kwa kioo chenye madini ya risasi kinachometa kama almasi, na matajiri walikivaa bila haya. Karne ya 19 yakaja mawe ya kuunganisha: juu kijipande chembamba cha ganeti, kito chekundu, chini kioo cha rangi yoyote unayotaka. Hayo angalau hujisema yenyewe. Geuza pete uso chini kwenye karatasi nyeupe, utazame ukingo wa jiwe. Likiwa la kijani au la buluu na ukaona duara jekundu linazunguka pembeni, hiyo ni ganeti inakuchungulia.

Lakini kinacholeta ugomvi mezani kwangu ni rubi, kile kito chekundu cha bei kubwa.

Mwaka 1902 mkemia Mfaransa, Auguste Verneuil, alitangaza namna ya kutengeneza rubi. Unga laini wa oksidi ya alumini, uliotiwa kromiamu kidogo, unadondoshwa kupita kwenye moto wa hidrojeni na oksijeni. Unayeyuka ukiwa njiani, unatua juu ya kijiti na kuganda tabaka juu ya tabaka mpaka kinapatikana kigogo cha rubi. Kazi ya saa chache. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia rubi hizo zilikuwa zinatoka viwandani kwa mamilioni ya karati (kipimo cha uzito wa vito) kwa mwaka, na safaya ya buluu ya kutengenezwa nayo ilishapatikana. Zilienda wapi zote? Kwenye pete. Pete nzuri, za dhahabu, zilizouzwa na masonara wenye heshima zao. Kwa hiyo ukiniletea pete ya miaka ya 1920 yenye jiwe jekundu, kubwa, safi, lisilo na doa, mimi naanza na Verneuil, na hapo ndipo uso wa mteja unapobadilika.

"Kwa hiyo ni feki?" Swali hilo halijibiki kwa ndiyo au hapana, na nimechoka kulazimishwa. Kioo kinachouzwa kama rubi ni feki. Jiwe la Verneuil ni rubi: kemia ileile, ugumu uleule wa 9 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, uzito uleule. Tofauti ni kwamba halikutoka ardhini, na kwa sababu hiyo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na la ardhini. Nikisema "ni rubi" mteja anasikia bodaboda. Nikisema "imetengenezwa" anasikia plastiki, anaondoka amenuna, anakwenda kwa fundi mwingine ambaye analing'oa, analitupa kwenye majivu na kumwekea ganeti mpya "ya asili". Sasa pete iliyodumu nzima kwa miaka mia imeharibiwa na mtu aliyedhani anaisafisha. Mimi ningenunua pete yenye jiwe lake la Verneuil la tangu mwanzo kuliko ile iliyopachikwa jiwe la asili la juzi. Mwenye fedha za kununua rubi ya ardhini ananiona nimechanganyikiwa. Sawa tu.

Namna ya kulijua? Lenzi inayokuza mara kumi, mwanga wa pembeni, na subira. Jiwe la Verneuil lilikua kwa tabaka za mviringo, kwa hiyo ndani yake kuna mistari iliyopinda kama mikato ya santuri. Mara nyingine kuna viputo vya gesi. Jiwe la ardhini likiwa na mistari, mistari hiyo imenyooka, inakunja kona kwa pembe kali, na mara nyingi utaona sindano nyembamba zinazokatana. Vitabu vinaishia hapo kama vile kila jiwe litakuwa na adabu ya kukuonyesha kitu. Hayaonyeshi yote. Yapo mawe masafi kabisa, yamezibwa nyuma na dhahabu, unalizungusha chini ya lenzi mpaka jicho linatoka machozi na huoni mstari wa kunyooka wala wa kupinda. Hapo nasema wazi: sijui, peleka maabara. Fundi anayejibu kila jiwe papo hapo kwa kulitazama usoni, mwogope.

Vipimo vya mtaani nitavipitia haraka kwa sababu vinanichosha. Kukwaruza kioo: hata kwatsi ya kawaida inakwaruza kioo. Kupulizia pumzi kuona ukungu unavyopotea: inategemea uchafu wa jiwe na joto la siku, na kwa joto letu hili bahati nasibu ina nafuu. Nyundo: tafadhali. Almasi inashinda vyote kwa ugumu wa kukwaruzwa, lakini ndani yake ina mikondo ya kupasukia, ukiipiga vibaya inapasuka. Aliyeipiga akaona vipande alipaswa kulia, badala yake anatamba kwamba kagundua feki.

Kingine ni tarehe. Nimeletewa "tanzanaiti ya enzi za Mjerumani". Tanzanaiti ilijulikana mwaka 1967, Merelani, Mjerumani ameshaondoka karibu nusu karne. Jiwe la buluu kwenye pete ya namna hiyo mara nyingi ni kioo, au spineli (aina nyingine ya kito) ya kutengenezwa, iliyotiwa kobalti kuipa rangi ya buluu. Vivyo hivyo "almasi ya Mwadui" kwenye pete ya mwaka 1910: mwanajiolojia John Williamson aligundua mgodi ule mwaka 1940. Na rubi za Montepuez, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, zimegunduliwa mwaka 2009, kwa hiyo kama pete ni ya bibi kweli na jiwe ni la huko, kuna mtu kalibadilisha, na huenda ni mjukuu. Nyingi ya rubi za bei rahisi zinazozunguka sasa zimejazwa kioo kwenye nyufa. Nikiwasha gesi kulehemu pete bila kujua, kioo kinaharibika na jiwe linabaki limejaa mipasuko. Semeni kabla sijawasha.

Sasa, kama umri hauthibitishi jiwe, kwa nini tuhangaike na pete za zamani? Kwa sababu ya mkono wa mtu. Chukua almasi iliyochongwa karne ya 19. Umbo lake ni mraba uliolainishwa kona, kichwa kirefu, uso mdogo juu, na ncha ya chini imekatwa, hivyo ukiitazama kutoka juu unaona kiduara katikati. Mama mmoja wa Shangani alinigombeza kwamba nimemtobolea jiwe. Kile ndicho kinachomfanya mnunuzi anayejua atoe fedha! Mchongaji wa wakati ule alikata kwa jicho, akilinda uzito wa jiwe, na aliyevaa alionekana kwa mshumaa. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za pembe za almasi ya duara, na mawe yakaanza kufanana. Ya leo yanametameta kwa cheche ndogondogo nyingi, yanapendeza sana chini ya taa kali za duka. Ya zamani dukani hupoa. Lakini umeme ukikatika, na Mtwara kukatika tunakujua, washa chemni uisogeze pete polepole: linatoa vipande vikubwa vya rangi, chungwa, kijani, buluu, kimoja kimoja. Wateja wananiomba niwatafutie wa kulichonga upya "ling'ae kama la kisasa". Nakataa. Utapoteza uzito, na utapoteza hicho kiduara.

Muhuri husaidia, mradi ujue unasema nini. Pete ya Uingereza iliyogongwa karati 15 (hapa karati ni kiwango cha usafi wa dhahabu) ni ya kati ya 1854 na 1932, kwa sababu kiwango hicho kilianza na kufutwa miaka hiyo. Hilo ni thabiti, ila ni la dhahabu, jiwe halihusiki. Pete za masonara wa pwani yetu nyingi hazina muhuri wowote, na hapo nasoma uchakavu: upande wa kiganja umekonda, kucha za kushikilia jiwe zimelainika. Kisha natazama kingo za jiwe. Zikiwa zimeliwa, pengine ni kioo au zirkoni, kito kisicho kigumu sana, iliyozeeka pamoja na pete. Zikiwa kali kama wembe juu ya pete iliyochakaa, ama jiwe ni gumu kweli ama limeingia juzi. Lipi kati ya hayo mawili? Mara nyingi nakisia tu.

Kinachoninyima raha siku hizi ni almasi za kukuzwa maabara zinazochongwa kwa mtindo wa zamani, kiduara na vyote. Kipimo changu cha almasi, kile chenye umbo la kalamu, kinalia "almasi", na hakidanganyi, maana ni almasi. Ukiipachika kwenye pete ya zamani kiustadi, mimi na lenzi yangu tumekwisha. Nikiona jiwe kubwa, jeupe mno, kwenye pete ya kiasi, nashuku. Zaidi ya kushuku sina la kukupa mezani.

Msimu wa korosho ukifika najua mtakuja, wa kuuza na wa kununua. Pete msiisugue kwa dawa ya meno wala msiiloweke kwenye sabuni. Zile zilizozibwa nyuma mara nyingi zina karatasi nyembamba ya madini chini ya jiwe, ndiyo inayolipa mng'ao. Maji yakiingia inageuka nyeusi na jiwe linakufa, na mimi siwezi kulifufua. Ileteni na uchafu wake.