"Kapigwa na baridi", na jiko liko chumbani

Kipupwe kimeingia, na mapokezi ya dharura ni sentensi ileile, awe katoka Sakina kule Arusha au Pasua kule Moshi: "Daktari, mtoto kapigwa na baridi kifuani." Mtoto mwenyewe kavikwa masweta matatu na blanketi juu, ananukia moshi wa mkaa kama mshikaki.

Nimonia inaletwa na vijidudu: bakteria kama pneumokokasi, virusi kama RSV, kirusi cha njia ya hewa, na vya influenza. Ingekuwa baridi peke yake, Kibosho juu, miteremkoni mwa Kilimanjaro, kusingebaki mtu. Chanjo ya PCV, ya kukinga pneumokokasi, ni wiki ya 6, 10 na 14, hilo sirudii.

Ila wanaoniudhi zaidi ni wale wanaojibu kwa kujiamini kwamba hali ya hewa haihusiki kabisa. Wamesoma nusu. Hewa baridi na kavu inabana njia za hewa za mwenye pumu, na pumu yenyewe ina tabia ya kukaza usiku, ndiyo maana wanagonga mlango saa tisa, saa kumi alfajiri. Kinga ya puani inalegea. Kisha tunafunga madirisha, watu sita chumba kimoja, mmoja anakohoa. Asubuhi isiyo na upepo hewa baridi inalala chini, na moshi wa majiko na wa taka unalala nayo. Wala wagonjwa wa nimonia hawaji usiku uleule wa baridi kali. Mafua huchukua siku kadhaa kushuka mapafuni, kwa hiyo ukipanga zamu kwa kuangalia baridi ya leo umeshachelewa.

Sasa kwa mtoto huyu aliye kitandani, baridi imechangia kiasi gani, moshi kiasi gani, msimu wa virusi kiasi gani? Vitabu vina mchoro mzuri wenye mishale. Kitandani hatuwezi kuvitenganisha. Hata neno "nimonia" kwenye faili mara nyingi ni makadirio: mjini Moshi, kule tambarare, baada ya masika, anayehema haraka anaweza kuwa na malaria kali na mapafu yake ni safi. Pima malaria.

Tuje kwenye jiko. Mkaa ukiacha kufuka moshi ukawa mwekundu, watu husema "umeshaiva, hauna neno," wanauingiza ndani na kuziba hata upenyo wa chini ya mlango. Mkaa mwekundu ndio unaotoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, nyumba nzima kwa pamoja, halafu wanasema ni maharage ya jana. Wauguzi nanyi msikilize: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinadanganya hapa. Hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Kitaandika 98 mtu akiwa anazimika. Usisubiri namba ishuke. Maski yenye mfuko, oksijeni lita 15 kwa dakika. Kwa hewa ya kawaida gesi hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6 hivi. Kwa oksijeni kamili, karibu saa moja na nusu.

Piga hesabu. Mtungi mkubwa wa oksijeni una lita 6,800. Mtoto mchanga anayetumia lita 1 kwa dakika ataupumulia zaidi ya siku nne. Familia ya watu wanne walioota mkaa, kwa lita 15 kila mmoja, hawaufikishi saa mbili. Na umeme ukikatika, mashine za kuzalisha oksijeni nazo zimenyamaza, wote wanaigeukia mitungi hiyohiyo.

Kuhusu mtoto wa masweta: hesabu pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne ni kujidanganya, wachanga hupumua kwa mafungu. Akiwa hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea haamki vizuri, njoo usiku huohuo. Vilevile ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa. Na hicho, mama, huwezi kukiona kupitia masweta matatu.