Nyumba ya ufukweni ikidaiwa na benki: usisubiri gari la matangazo

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Shangani, hapa Mtwara mjini, alifika ofisini kwetu, tunakosajili hati na rehani, na bahasha ya kaki ambayo haijafunguliwa. Aliipokea mwenyewe, akasaini kitabu cha tarishi, kisha akaiweka juu ya kabati "mpaka korosho zitoke". Tulipoifungua pamoja tukakuta ni notisi ya siku 60 kutoka kwa aliyemkopesha, na siku zilizobaki zilikuwa tatu. Nyumba yake naijua. Ukuta wa mbele umeliwa na chumvi, lakini ukikaa barazani unawaona watu wakivuka maji kwenda Msangamkuu. Ni nyumba inayouzika vizuri, ila si kwa siku tatu.

Malalamiko ya aina hii yamekuwa mengi mezani kwetu, ndiyo sababu ya makala haya. Wapo waliojenga au kupanua nyumba miaka ile ya joto la gesi, wakitegemea wapangaji wa makampuni. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, kazi za ujenzi zikaisha, wapangaji wakapungua, marejesho yakabaki palepale. Wengine walikopa kwa marejesho ya kila mwezi wakati fedha yao huja mara moja kwa mwaka, minada ya korosho ikifunguliwa. Niseme mapema kwamba haya ni maelezo ya jumla, kila mkataba una masharti yake, na ofisi yetu haimwakilishi mtu dhidi ya mkopeshaji.

Jambo la kwanza ambalo watu hawataki kulisikia: benki yenye rehani iliyosajiliwa haihitaji kibali cha mahakama ili iuze nyumba. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaipa mamlaka hayo. Inachotakiwa ni kufuata utaratibu. Chini ya sheria hiyo, mkopaji akishindwa kulipa anapewa notisi ya maandishi. Notisi hiyo lazima ieleze kosa ni lipi na deni limefikia wapi, afanye nini kulirekebisha, na kwamba siku 60 zikipita tangu aipokee bila marekebisho, deni lote linaiva kwa mkupuo na mkopeshaji anaweza kuuza. Soma hapo mara mbili. Ndani ya siku 60 unadaiwa marejesho yaliyolala. Baada ya hapo unadaiwa mkopo mzima. Tofauti yake inaweza kuwa milioni tatu na milioni arobaini.

Baada ya hapo dalali wa mnada anaingia. Sheria ya Minada, Sura ya 227, inataka tangazo la hadharani lisilopungua siku 14, litolewe katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi na mahali mnada utakapofanyika. Liandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, litaje jina la mwenye mali na anapoishi, tena litolewe pia kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Kwa hiyo gari lenye spika linalopita mtaani likitaja jina lako si udhalilishaji uliobuniwa na afisa mikopo. Ni takwa la sheria. Tumeshaletewa barua ndefu za kulalamikia spika, zisizo na hata mstari mmoja kuhusu deni.

Ndani ya siku 60, ya kwanza ni kwenda kwa mkopeshaji na pendekezo la maandishi. Machozi peke yake hayana pa kujazwa kwenye fomu. Omba muda uongezwe, rejesho lipungue, au ratiba ifuate msimu, na kama una stakabadhi za mauzo ya korosho kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambatisha za misimu miwili mitatu. Benki nyingi zingependa kulipwa kuliko kumiliki kesi. Ila elewa kwamba muda ukiongezwa riba nayo inaongezeka, na mkataba mpya utasainiwa upya na mwenza na wadhamini. Kama aliyekopa amefariki, waliobaki waulize kwanza habari za bima ya mkopo. Mjane mmoja alilipa miezi saba kwa fedha za kuuza mihogo wakati bima ilikuwa inasubiri cheti cha kifo tu.

Ya pili ni kuuza mwenyewe. Hii ndiyo inayookoa fedha nyingi, na ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Unaomba ridhaa ya benki, unatafuta mnunuzi, fedha zinapita benki, deni linakatwa, rehani inafutwa kwenye daftari letu na hati inatoka kwa jina la mnunuzi. Kabla ya uhamisho kusajiliwa tunahitaji thamani iliyoidhinishwa, kodi ya pango la ardhi isiyo na malimbikizo, ushuru wa stempu wa asilimia 1 na uthibitisho wa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote kama wengi wanavyodhani. Mnyororo huo hauishi kwa wiki moja. Anayeanza siku ya 50 amechelewa.

Kwa nyumba za baharini kuna mambo zaidi, na hapa wenye nyumba hujidanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Viwanja vingine vilipimwa zamani na kila kimoja kina historia yake, lakini mnunuzi makini atauliza, na mthamini wa benki atauliza kabla yake. Mwaka jana nilikuwapo mpimaji alipovuta utepe kwenye nyumba moja upande wa Mikindani. Mwenyewe alikuwa anahesabu ndani ya bei ukuta wa mawe, banda la kukaangia samaki na minazi minne. Bikoni ya mwisho, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, tuliikuta upande wa nyumba, kabla ya kulifikia banda. Ukuta, banda na minazi mitatu vilikuwa nje ya kiwanja chake. Bei aliyokuwa ameitaja kwa wiki mbili ikashuka pale pale mchangani, na mnunuzi akaaga kwa adabu. Waliofukia mikoko ili wapate uwanja wajue kwamba mikoko ni msitu wa hifadhi, haiuzwi na mtu. Na walio Msimbati wako jirani au ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye taratibu zake. Basi fanya upekuzi rasmi wa hati na uhakiki wa bikoni kabla ya kutaja bei.

Halafu kuna "nitamuuzia mzungu". Ndugu zangu, asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa taratibu za sheria ya uwekezaji. Mtalii aliyependa baraza lako hawezi kuandikwa kwenye hati kwa sababu amependa baraza.

Zipo pia njia za kupangisha nyumba na kuelekeza kodi moja kwa moja benki, kuhamishia mkopo benki nyingine, au kukata kiwanja na kuuza kipande. Zote zinataka ridhaa ya mkopeshaji, na kukata kiwanja kunataka na idhini ya mipango miji, hivyo kusianzwe dakika za mwisho. Njia ambayo siiweki kwenye orodha ni kuziba pengo kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Tumeona watu wakisainishwa karatasi ya mauziano huku wakiambiwa ni ya mkopo.

Mahakama na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya vipo kwa mwenye hoja: notisi haikutolewa, mwenza hakuridhia rehani ya nyumba ya familia, au bei ilikuwa ya kutupa. Kuhusu bei, Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji apate bei bora inayopatikana wakati ule. Ikipungua kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa soko wa mali zinazofanana, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Kuhusu mwenza, tahadhari: aliyeidanganya benki kwamba hana mke au mume ametenda kosa, na faini yake haipungui nusu ya fedha za mkopo, au kifungo. Wanaume kadhaa wamekuja kutueleza kwa kujiamini kwamba mke hakusaini, bila kujua wanajishtaki wenyewe. Zuio unaloweka kwetu kwenye daftari linaweza kuchelewesha usajili, lakini halifuti deni. Na kung'oa bati na milango usiku wa kuamkia mnada kunashusha bei ya mali ambayo salio lake ni lako.

Ndiyo, salio ni lako. Fedha za mauzo hulipa kodi na tozo za ardhi, gharama za mnada na madeni ya rehani. Kinachobaki anarudishiwa mwenye nyumba. Omba mchanganuo kwa maandishi. Na mpaka nyundo haijagonga bado unaweza kulipa deni na gharama ukaikomboa nyumba. Ikishagonga, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa na sheria.

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itamwelekeza. Malalamiko dhidi ya benki yaanzie benki kwa maandishi, yasipotatuliwa yapelekwe Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mtwara. Kwetu njoo na nakala ya hati, mkataba wa mkopo, taarifa ya marejesho na notisi, pamoja na bahasha yake, maana tarehe ya kupokea ndiyo tunayoanza nayo kuhesabu.

Mwandishi ni mwanasheria katika ofisi ya umma inayosajili hati na rehani, Mtwara.