Mngurumo wa gitaa la besi: tunayoamini kuhusu pikapu na priampu, na ukweli wake

Kila mpiga besi anaujua ule mngurumo, hata asipoweza kuueleza. Ni sauti yenye kifua na meno kwa pamoja. Noti inaanza na mkwaruzo mdogo, inatuna katikati, kisha inakaa hapo. Nimeutafuta kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya fedha nilizotumia ilikwenda kwenye vitu visivyohusika, kwa sababu niliyaamini maneno ya madukani na ya mazoezini bila kuyapima. Pikapu ni kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wao kuwa umeme; priampu ni saketi inayoukuza na kuurekebisha umeme huo kabla haujafika kwenye amplifaya. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, na hivi ndivyo mambo yalivyo.

"Ukitaka mngurumo, ongeza besi"

Hili ndilo kosa linalozaa mengine yote. Mtu anashika nobu ya besi na kuizungusha mpaka mwisho. Kinachotoka ni mvumo mzito unaotikisa vioo vya ukumbi, lakini ukimuuliza mwimbaji umepiga noti gani, hajui.

Uzi wa E kwenye gitaa la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, yaani hezi 41. Wa A ni hezi 55, wa D ni 73, wa G ni 98. Lakini uzi hautetemeki kwa namna moja. Unapoyumba wote, nusu yake nayo inatetemeka kwa kasi maradufu, theluthi yake mara tatu, robo yake mara nne, na kuendelea juu. Vitetemo hivyo ndivyo hamoniki. Sikio linaposema "hapo ananguruma", linasikia zaidi zile zilizo kati ya hezi 400 na 900 hivi. Kwa uzi wa E, hizo ni kuanzia hamoniki ya kumi kwenda juu. Mngurumo, kwa hiyo, unaishi kwenye midi, yaani masafa ya kati.

Jaribu kusikiliza wimbo wenye besi ya namna hiyo kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa hezi 41, ila utamfuata mpiga besi noti kwa noti. Unachokisikia ni hamoniki, na akili yako inajaza msingi wenyewe.

Ndugu yake kosa hili ni ile ikwalaiza (nobu za kupandisha na kushusha masafa) ya tabasamu: besi juu, trebo (masafa ya juu) juu, midi chini. Ukiwa peke yako chumbani inapendeza mno. Bendi ikianza, ngoma ya mguu inaimeza besi yako, matoazi yanaimeza trebo yako, na katikati, mahali pako halisi, umejitoa mwenyewe. Mimi hupanga sauti yangu bendi ikiwa inapiga. Aghalabu sauti inayofaa jukwaani ni ile ambayo chumbani ingeonekana ya puani kidogo.

"Bila priampu ya betri hupati mngurumo"

Mfano mmoja unatosha kuiangusha dhana hii. Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, alikuwa na gitaa la Fender Jazz Bass la 1962, akaling'oa freti (vile vipande vya chuma vya shingoni), akaupaka ubao wa shingo gundi ngumu ya epoksi, akafunga nyuzi za mviringo za Rotosound, zile zilizozungushiwa waya wa duara hivi kwamba uso wake unakwaruza, na akaegemea pikapu ya nyuma, ile iliyo karibu na daraja, kipande cha mwilini ambapo nyuzi zinakaa. Ndani ya gitaa lile hamkuwa na betri. Alichomeka kwenye amplifaya ya Acoustic 360, na albamu yake ya 1976 bado inatumika kama kipimo cha mngurumo duniani.

Mwaka huohuo wa 1976, Music Man walitoa StingRay, gitaa lililobuniwa na Leo Fender huku Tom Walker akishughulika na priampu yake. Lina hambaka (pikapu ya koili mbili) moja kubwa, betri ya volti 9, na kwenye zile za mwanzo nobu za toni zilikuwa mbili tu: besi na trebo. Bernard Edwards wa Chic alilipenda. Nalo linanguruma kweli, ingawa halikuwa na nobu ya midi hata moja! Midi zake zinatokana na mahali hambaka ilipowekwa na koili zake zilivyounganishwa.

Weka magitaa hayo mawili pamoja, moja lina betri na jingine halina, utaona kwamba betri siyo inayoamua. Priampu iliyo ndani ya gitaa hufanya kazi tatu: hukuza mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye pikapu, hukupa uwezo wa kuongeza masafa fulani (toni ya kawaida isiyo na betri inaweza kupunguza tu), na hushusha ukinzani wa gitaa kwa upande wa kutokea ili waya mrefu usile sauti. Kama pikapu haikuzishika zile hamoniki, priampu ya namna hii haina cha kuongeza.

"Pikapu zote mbili zikifunguliwa hadi mwisho, mngurumo unakuwa mara mbili"

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo ufunguo ulipo na haugharimu hata shilingi.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Husikiliza kipande kidogo tu cha uzi, kile kilicho juu yake. Karibu na shingo uzi unayumba sana na msingi wa noti una nguvu, kwa hiyo sauti ni nene na ya mviringo. Karibu na daraja uzi unayumba kidogo, msingi unapungua, na hamoniki zinapata nafasi ya kusikika. Ndiyo sababu pikapu ya nyuma ya Jazz Bass ikisikilizwa peke yake inabweka, na ndiyo sababu ukiihamisha hata sentimita moja tabia inabadilika. Fender walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970: waliisogeza pikapu ya nyuma ya Jazz Bass kuelekea daraja, na wapigaji mpaka leo wanabishana kuhusu sauti ya miaka ya 60 na ile ya 70. Mabishano hayo yana msingi, tofauti ipo na inasikika.

Sasa fungua zote mbili hadi mwisho. Kila moja inasikiliza sehemu yake ya uzi. Kwa baadhi ya hamoniki, uzi unapopanda juu ya pikapu moja unashuka juu ya nyingine, na zikichanganywa zinafutana. Zinazoumia zaidi ni zile za katikati. Unabaki na sauti safi, yenye besi na kung'aa, nzuri kwa kupiga kwa dole gumba, ila meno yameondoka. Punguza kidogo sauti ya pikapu ya mbele kwa nobu yake, labda hadi robo tatu, huku ya nyuma ikiwa wazi kabisa. Utasikia midi zikisogea mbele kama mtu aliyeingia mlangoni. Sehemu hiyo ya mwisho ya mzunguko wa nobu ndiyo yenye mabadiliko makubwa, kwa hiyo izungushe taratibu.

Kuna gharama moja. Pikapu za koili moja hunasa mvumo wa umeme wa jengo. Kwenye Jazz Bass nyingi hizi mbili zimetengenezwa kinyume, sumaku na mzunguko wa waya, ili zikiwa sawa zifute mvumo huo. Ukipunguza moja, mvumo unarudi kidogo. Mtu anayepiga kwenye kumbi zenye taa nyingi anaweza kununua pikapu za koili mbili zilizofichwa kwenye umbo lilelile, na hapo fedha inakuwa imetumika vizuri.

"Pikapu yenye nguvu zaidi inanguruma zaidi"

Mizunguko mingi ya waya huongeza nguvu ya umeme, lakini hushusha masafa ambayo pikapu inasikia vizuri. Sauti inakuwa kubwa na ya giza. Nimesikia pikapu za kawaida kabisa zikinguruma kuliko zile zilizotangazwa kuwa kali. Vivyo hivyo kwa kuinua pikapu mpaka iguse nyuzi: sumaku huuvuta uzi, noti inakufa mapema na tyuni inayumba. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na pikapu, kisha sikiliza na urekebishe.

"Volti 18 ni zaidi ya volti 9"

Si kwa sauti. Betri mbili huipa priampu nafasi ya kupokea kishindo kikubwa bila kukata kilele cha wimbi. Anayepiga kwa nguvu sana atafaidika, na si kila priampu imejengwa kuihimili. Zaidi ya hapo, ni betri mbili za kununua badala ya moja.

"Miksa ni miksa, chomeka tu"

Niliwahi kufika kwenye harusi nikaambiwa hakuna amplifaya ya besi, nichomeke moja kwa moja kwenye miksa. Gitaa langu halina betri. Ile sauti niliyoiacha mazoezini haikuwepo, ilikuwa kama mtu amelifunika gitaa kwa blanketi. Fundi mitambo alihangaika na ikwalaiza usiku kucha, na wala kosa halikuwa lake.

Pikapu isiyo na priampu inataka kuchomekwa mahali penye ukinzani mkubwa, kama omu milioni moja, ambao ndio ukinzani wa kawaida wa tundu la amplifaya ya gitaa. Tundu la laini la miksa nyingi lina omu elfu kumi au zaidi kidogo. Hapo pikapu inaelemewa, na kinachotoweka kwanza ni hamoniki. Hili ndilo jambo ambalo priampu inalitatua kwa uhakika, iwe ndani ya gitaa au ile ya kukanyagwa sakafuni. Boksi la DI (kiboksi cha kuunganisha gitaa na miksa) lenye umeme wake, la betri au la volti 48 kutoka kwenye miksa, linatosha pia. Kwa anayepiga kanisani au kumbini kusiko na amplifaya, ningemshauri anunue hilo kabla ya kugusa pikapu.

Priampu za sakafuni zina jambo jingine la ziada. Zile zenye ovadraivu, kama SansAmp Bass Driver ya Tech 21 au zile za Darkglass kutoka Helsinki, kweli huzaa hamoniki mpya ambazo uzi haukuwa nazo, kwa sababu hulikwaruza wimbi. Ila mkwaruzo hula besi ya chini, ndiyo maana zina nobu ya kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa. Anza na sauti safi, ongeza mkwaruzo mpaka uusikie bendi ikiwa kimya, kisha wacha bendi iingie. Mkwaruzo utabaki kama mngurumo tu, bila kusikika kama gitaa la roki.

"Nyuzi na mkono ni mambo madogo"

Uzi mchafu uliojaa jasho hupoteza hamoniki, na hakuna nobu inayozirudisha. Kuchemsha nyuzi za mviringo huondoa mafuta na kuzipa uhai wa wiki chache, kisha zinalala tena. Nyuzi bapa, zenye uso laini, zina utamu wake wa zamani, lakini mngurumo tunaouzungumzia si wake.

Sogeza vidole vyako vya kulia vikae juu ya pikapu ya nyuma badala ya karibu na shingo. Punguza geni (ukuzaji wa mawimbi yanayoingia) kwenye amplifaya, kisha ukwanyue kwa nguvu zaidi, uzi ukielekea ndani ya mwili wa gitaa mpaka uguse freti kidogo unapoanza. Ule mguso mfupi wa uzi na chuma ndio mwanzo wa noti inayonguruma, na pikapu iliyo karibu na daraja inausikia vizuri.