Usonji na kelele za nyumbani: maswali tunayoulizwa kila mara

Kwa nini blenda inamliza mtoto wetu mwenye usonji wakati wenzake hata hawageuki?

Usonji ni tofauti ya jinsi ubongo unavyokua na kupokea mambo. Si malezi mabaya, wala hauambukizi. Mara nyingi masikio yenyewe ni mazima, ila ubongo hauchuji: bomba, TV na bodaboda ya nje vinaingia kwa mkupuo, vyote kwa uzito uleule. Kwa wengine sauti inauma kweli.

Tukimwacha kwenye kelele si atazoea?

Hapana. Kumkalisha karibu na spika, kuongeza redio makusudi au kumshika mikono asizibe masikio hakumzoeshi. Kunamfundisha kwamba hata nyumbani hana pa kukimbilia. Halafu mnatuletea mtoto asiyelala, anayejigonga kichwa ukutani, au aliyechomoka getini mpaka barabara kuu ya Moshi–Arusha.

Mbona tunasikia kuna mazoezi ya kuzoesha?

Yapo, lakini mwendo anaupanga mtoto. Weka blenda juu ya taulo iliyokunjwa, mwambie kabla ya kuiwasha, naye aanze akiwa chumba kingine. Sekunde chache zinatosha. Zima kabla hajaanza kuhangaika. Ukimshtukiza mara moja, mnarudi mwanzo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapist) atawapangia hatua.

Babu yake anasema ni kudeka, fimbo mbili zitamnyoosha.

Mzee apewe heshima yake, fimbo iwekwe chini. Anayeziba masikio na kupiga kelele amezidiwa. Zima chanzo cha sauti, punguza maneno, mpeleke penye utulivu, kaa karibu bila kumbana. Inaweza kuchukua muda mrefu. Kumfokea ni kumwongezea kelele nyingine.

Ndani ya nyumba tuanzie wapi?

Tazama juu. Nyumba nyingi hazina dari, kwa hiyo sauti inapanda ukuta na kushukia chumba cha pili, na mvua za masika kwenye mabati zinafanya ngoma. Kama fedha ni kidogo, wekeni dari chumba chake kwanza, kile kilicho mbali na jiko na barabara. Ziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga iliyoviringishwa. Vika miguu ya viti vipande vya tyubu ya baiskeli, na tandika mkeka pale sufuria zinapowekwa sakafuni. Trei za mayai ukutani hazizuii sauti ya jirani, na zinashika moto haraka. Ziondoeni.

Pamba masikioni je?

Inapunguza sauti kidogo sana, na mabaki yake hubaki ndani. Mtoto mdogo atumie vifunika masikio vya nje, kama vya mafundi wa kukata vyuma, vya saizi ya kichwa chake. Vizibo vya sponji ni vya mkubwa, maana mdogo anaweza kukabwa navyo: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia sekunde 30 kivimbe. Kelele ikiisha, vua. Anayeshinda navyo kutwa nzima penye utulivu, ubongo wake unazidi kuwa mwepesi wa kusikia.

Ameanza ghafla kuvuta sikio moja.

Hiyo msiitupie usonji. Asiyeongea hawezi kukwambia sikio linauma. Homa, usaha au kuamka usiku akilia: nendeni leo, kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Mawenzi kwa Moshi, ya Mount Meru kwa Arusha. Msitie mafuta ya moto.

Mimi ni mtu mzima, nimepanga uani, baa ya jirani hailali.

Omba chumba cha nyuma, washa feni ifunike sauti. Baa peleka kwa mtendaji wa mtaa. Ikishindikana, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana kanuni za kelele za mwaka 2015.

Jumapili tuna kipaimara nyumbani. Si akae na wageni, azoee?

Hapana, tunarudia. Asalimie wageni kabla muziki haujaanza, ale mapema, kisha aende kwa shangazi au jirani mliyekubaliana naye tangu wiki hiyo. Spika zielekezwe mbali na chumba chake, na mtu mmoja, ajulikane ni nani, awe na ruhusa ya kumwambia DJ apunguze.