Je, wajua kwa nini koyote aliyepona hurudishwa mtaa uleule alikokamatwa?

Koyote ni mnyama wa Amerika Kaskazini, wa jamii moja na mbwa na bweha, mwenye uzito wa kilo 9 hadi 20 hivi. Anaishi hata katikati ya miji kama Chicago na Los Angeles. Akishambuliwa na utitiri wa upele, manyoya hupukutika, mkia hubaki ngozi tupu, naye huanza kuota jua mchana kweupe uani kwa watu. Wenye nyumba hudhani ana kichaa cha mbwa, kumbe anasikia baridi. Kituo cha wanyamapori humkamata na kumtibu hadi manyoya yaote tena.

Hapo ndipo majirani husema: mpelekeni porini, mbali na watoto wetu. Wazo lina huruma, ila lina kasoro mbili. Kwanza, huko porini hakuna nafasi wazi. Kila eneo zuri lina dume na jike wanaofukuza wageni. Watafiti wanaoongozwa na mtaalamu wa wanyamapori Stanley Gehrt, wanaofuatilia koyote wa Chicago tangu mwaka 2000, waliona kwamba waliohamishwa hawakai walikoachiwa. Huondoka, wengi wakielekea walikotoka, na magari au bunduki huwamalizia njiani.

Pili, pengo alikotoka halidumu. Mwondoe machinga kwenye kona yenye wateja, kesho utamkuta mwingine amekwisha kutandika. Kona ndiyo inayovuta watu, wala si yule machinga. Ndivyo ilivyo kwa koyote: panya, sungura, jalala lililo wazi na chakula cha paka kilichoachwa nje vikiwepo, kijana asiye na eneo huingia. Na huyo mgeni huenda hajazoea kuwakwepa watu kama aliyeondolewa.

Kwa hiyo kituo humrudisha mwenyeji, lakini kwanza kinahakikisha anawaogopa watu. Wahudumu hawamsemeshi, na kabla ya kumwachia, baadhi yao humtimua kwa kelele na kopo lenye sarafu ndani. Inachekesha: unamuuguza mnyama kwa wiki kadhaa, kisha unajifanya adui yake.

Majirani nao hufundishwa kufanya vivyo hivyo, kupiga kelele na kupunga mikono hadi aondoke kabisa. Mbinu hii humfaa koyote ambaye bado ana woga. Aliyezoea kulishwa na watu kwa muda mrefu ni vigumu kumbadilisha, na mara nyingi huishia kuuawa.