Kidonda cha tezi dume hakikaushwi, kinaoshwa

"Sista, nilipunguza maji ili kidonda kikauke." Maneno haya nimeyasikia mara nne wiki iliyopita peke yake, na ile ya nne ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Alikuwa mzee wa Mbagala, siku ya sita tangu afanyiwe upasuaji wa tezi dume. Kijana wake alimleta kwa bajaji kabla ya adhana ya alfajiri. Mfuko unaopokea mkojo kutoka kwenye mpira uliowekwa kibofuni ulikuwa mtupu kabisa, na chini ya kitovu tumbo limevimba, gumu, ukiligusa tu anakushika mkono. Nilivuta mililita 50 za maji ya chumvi ya hospitali kwa bomba kubwa la sindano, nikayasukuma taratibu kwenye mpira, nikavuta. Likatoka bonge la damu jeusi, laini kama ini. Likaja la pili, la tatu, halafu mkojo ukafunguka wenyewe, mfuko ukaanza kujaa huku tunautazama. Mzee akafumba macho akasema alhamdulillahi. Tangu jana yake asubuhi alikuwa amekunywa vikombe viwili tu vya chai. Mama nyumbani aliambiwa na jirani kwamba maji mengi yanalowesha kidonda, akampunguzia mumewe kwa mapenzi mema kabisa.

Fikra hii naijua inakotoka. Kidonda cha mguuni tunakiacha kipate hewa, kifanye gaga, kipone. Lakini kidonda cha tezi dume kiko ndani, katikati ya njia ya mkojo. Hata ukikaa siku nzima bila tone, figo zitatengeneza mkojo tu, ila utakuwa mchache na mkali, na mkojo mkali ndio unaochoma. Kisha kuna damu. Siku za mwanzo kidonda huchuruzika kidogo kidogo, ni kawaida. Damu hiyo ikikuta maji mengi inasukumwa nje. Ikikosa maji inaganda kibofuni, na bonge moja dogo linatosha kuziba tundu la mpira. Kibofu kikijaa na kutanuka, mishipa midogo iliyokwisha kuziba inafunguka upya, damu inaongezeka, na mabonge yanaongezeka nayo. Aliyeogopa maji ili asitoke damu ndiye anayetoka damu.

Na hapa ni Dar. Mwezi wa kwanza, chumba cha bati, umeme umekatika na feni imesimama: nusu ya ulichokunywa kinaishia kwenye shuka kama jasho. Ushauri wangu kwa wagonjwa wote ni mmoja na sichoki kuurudia. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ijaze asubuhi, iishe kabla ya alasiri. Ijaze nusu tena, iishe kabla ya isha. Chupa iwe pembeni ya kitanda, mahali mama na watoto wanaiona, kwa sababu mgonjwa akiulizwa "umekunywa?" atasema ndiyo, lakini chupa haidanganyi. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wana kiasi chao walichopangiwa na daktari wao. Hao wasifuate chupa yangu. Na mzee anayetaka kufunga Ramadhani akiwa na mpira, ninamkumbusha kwamba dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Rangi ndiyo itakayokuambia kama maji yanatosha. Mkojo wa waridi, kama rozela iliyozidishwa maji, usikutie hofu: ongeza kunywa, utaona unafifia. Unaweza kukaa mweupe siku kadhaa, halafu wiki ya pili ukarudi mwekundu kwa siku moja au mbili, kwa sababu gaga la ndani linabanduka. Hapo wengi hukimbia wakisema upasuaji umefeli. Haujafeli. Kunywa, pumzika. Ukiwa mzito kama nyanya ya kopo, ukiwa na mabonge, au zikipita saa mbili hadi tatu nzima unakunywa na hakuna kinachoshuka mfukoni, usisubiri kukuche. Homa yenye kutetemeka nayo ni ya kuja usiku huohuo. Ila kabla hujaita bajaji, tazama kama mpira umekunjwa chini ya paja, na kama mfuko umewekwa juu ya kitanda. Mfuko unakaa chini ya kiuno siku zote. Mkojo haupandi mlima.

Mengine nitayapitia haraka.

"Alale tu, asishuke kitandani." Hapana. Damu inayolala miguuni inaganda, na bonge likipanda kwenye mapafu linaua. Atembee uani asubuhi na jioni, mfuko mkononi. Asichofanya ni kubeba ndoo: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na wiki sita za mwanzo hizo si zake. Bodaboda nayo isubiri. Chooni asijikamue, papai, mchicha na ugali wa dona vinasaidia kuliko vidonge vingi.

"Mpira umetolewa lakini ninavuja, wameniharibu." Kibofu kilichosukumana na tezi kwa miaka hakitulii kwa siku tatu. Kwenda haja kila mara na kuvuja kidogo huchukua wiki, wengine miezi. Bana msuli kama unayezuia upepo mbele ya wakwe, hesabu hadi tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na usiku, baada ya mpira kutoka, si kabla.

"Uanaume umekwisha." Wazee huniuliza hili wakitazama ukuta. Kwa tezi iliyovimba tu, bila saratani, waliokuwa na nguvu kabla, wengi wanabaki nazo. Kinachobadilika ni kwamba mbegu hurudi kibofuni na kutoka na mkojo, haina madhara. Upasuaji wa saratani ni habari nyingine, kwa sababu mishipa ya fahamu ya pembeni huguswa, na nguvu huweza kuchukua mwaka au zaidi kurudi, au isirudi kama zamani. Muulize daktari wako ulifanyiwa upi, na umuulize mkiwa na mkeo.

La mwisho linaniumiza kwa sababu halina maumivu, kwa hiyo hakuna anayelirudia: "Tezi imetolewa yote, saratani haiwezi tena kunipata." Kwa tezi iliyovimba, daktari hutoa nyama ya ndani kama unavyotoa nyama ya chungwa ukaacha ganda. Ganda linabaki, na saratani nyingi huanzia hukohuko pembeni. Kipimo cha PSA, kile cha damu kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, bado ni chako. Na ile nyama iliyotolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa. Siku ukija kutolewa mpira, usiondoke kliniki bila kuuliza kama majibu yake yametoka, na kama hayajatoka, uandikiwe kwenye kadi tarehe ya kuyafuata.